Hedifoni za Kitenge

Niseme mapema, nisije nikaonekana najikosha: mdogo wangu nilimwonea wivu, na hata ninapoandika haya bado namwonea. Siyo kama mwanzo, lakini upo. Na wivu wenyewe ulianzia kwenye hedifoni.

Mtu akisikia hedifoni anafikiria muziki. Zangu hazijawahi kupiga wimbo hata mmoja. Zilichomekwa kwenye mashine ya kutafutia dhahabu, ile yenye mpini mrefu na sahani ya mviringo chini, ambayo unaipitisha juu ya udongo huku na huku kama unafagia uwanja. Masikioni unasikia mvumo mmoja tu, saa nzima, saa mbili. Ukipita juu ya kitu, mvumo unapanda kidogo halafu unashuka. Kikiwa juujuu hata mlevi atakisikia. Kikiwa chini sana, sauti inajikunja kidogo tu, na usipokuwa makini umeshapita. Kazi yote ni ya masikio.

Mashine aliinunua mume wangu, mkono wa pili, kwa mchimbaji aliyekuwa anarudi kwao. Alihangaika nayo miezi minne kwenye mashamba ya huku kwetu Bukombe, akapata misumari, vizibo vya soda na ugomvi na wenye mashamba. Yule bwana hana subira. Akaisukumia chini ya kitanda, akarudi kwenye biashara yake ya mahindi. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya karasha, mitambo ile ya kusaga mawe ya dhahabu, ambako nilikuwa nimelisha mawe miaka sita, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaitoa mashine chini ya kitanda nikaenda kujaribu bahati. Wiki ya pili nikapata punje ya ukubwa wa harage. Tangu siku hiyo ikawa yangu, na hakuna aliyelisema jambo hilo kwa mdomo.

Hedifoni zilikuja pamoja nayo. Nyeusi, kubwa, za waya. Sponji zake zilipoanza kumeguka nilizing'oa, nikakata kipande cha godoro la mtoto, nikashonea kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Waya wa upande wa kushoto ulishaungwa mara tatu. Zilinuka jasho langu, na upinde wake ulishazoea kichwa changu hadi nilikuwa nikizivaa hazinibani wala hazilegei. Nyumbani zilikuwa na msumari wao ukutani, na watoto walijua kwamba msumari ule hauguswi.

Mdogo wangu alikuja kwangu kutoka Kishapu, baada ya pamba kumwangusha misimu miwili mfululizo. Alikuja na watoto wawili na begi moja. Nikampa sururu. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mimi natangulia na mashine, yeye yuko nyuma hatua tano. Nikisikia kitu nasimama, nainua ngumi. Sisemi neno. Ukipiga kelele kwenye shamba la wazi, hata jasho halijakukauka watu wameshafika na majembe yao kutoka kusikojulikana. Basi nainua ngumi, yeye anakuja, anachimba, nami napitisha udongo kwenye sahani, konzi kwa konzi, mpaka punje ionekane.

"Ipo, dada?"

"Ipo. Chimba."

Nilipenda kufuatwa. Nilipenda zile hatua zake nyuma yangu, na jinsi alivyokuwa akinitazama mkono kusubiri ngumi. Tulipokuwa wadogo mambo yalikuwa kinyume. Jioni ng'ombe wakirudi, baba alikuwa anamwita yeye, mtoto wa miaka sita, anamuuliza nani ametangulia. Naye anatega sikio kwenye kengele zilizo mbali huko, ambazo mimi nasikia kelele tu, anasema yule mwekundu mbele, yule wa pembe moja amebaki nyuma. Baba ananituma mimi mkubwa nikimbie nikahakikishe. Nakimbia, nakuta ni kweli, narudi nahema. Baba anacheka kwa furaha. Nilichoka kuhakikisha.

Kwa hiyo mtanielewa. Mwaka ule nikaugua taifodi, nikalala siku nne. Siku ya pili akaja kitandani, akapiga goti.

"Dada, niende nayo kidogo? Niwe nafanya mazoezi tu."

Nikamwambia nenda, nikijua atarudi na vizibo. Hata nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Jioni akarudi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua pindo la khanga. Punje saba. Ndogo, lakini saba.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa yule mzee wa mkonge, dada."

Shamba lile liko nje kidogo ya Ushirombo. Nilikuwa nimelipita wiki mbili nzima, nikichora mistari kwa kisigino ili nisirudie njia, na nikamwambia mzee mwenyewe ana kwa ana kwamba shamba lake halina kitu.

"Upande gani kwa mzee?"

Akaanza kuzifunga tena punje. "Kwenye ile mistari yako."

Nikamwambia hongera. Mdomo ulisema hongera. Usiku huo homa ilikuwa imeshuka lakini sikulala. Nililala chali nikahesabu hatua zangu kwenye lile shamba, nikijiuliza nilipita wapi nikiwa nimelala. Unga ulinunuliwa, ada ya shule ikalipwa, mume wangu akamsifia mezani mpaka nikatamani kumrushia kijiko. Kila mtu ndani ya nyumba alikuwa na furaha isipokuwa mimi, na nilijichukia kwa hilo, lakini kujichukia hakukuniondolea wivu hata punje.

Nilipopona nikampata mkosaji. Hedifoni! Zimechoka. Waya umeungwaungwa, sponji ni ya godoro, sauti itafikaje? Kwake zimebahatisha tu. Nikishapata hedifoni mpya, za kisasa, mambo yatarudi yalivyokuwa. Nikamweleza mume wangu, akakubali. Nikamwambia mdogo wangu tunakwenda na mashine Shinyanga mjini kuchagua, naye akasema, "Sawa, dada. Wewe ndiye unayejua."

Tulifikia Ngokolo kwa shangazi yetu. Tulimwamkia, akaitikia, tukakaa jikoni kupiga hadithi. Sikuwa nimemaliza hata habari za safari akanishika goti.

"Mayu, mama, mbona unanipigia kelele? Mimi nipo hapa hapa."

Nikacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anakoroga mboga na aliendelea kukoroga.

Asubuhi nikaenda kwanza kwa fundi redio, yule aliyekuwa akiniungia waya kila nilipokuja kwa shangazi, ili anithibitishie kwamba zimekufa. Akazichomeka kwenye kimashine chake, akasikiliza sikio moja, akasikiliza la pili, akanirudishia.

"Hizi ni nzima kabisa, mama. Zitatuzika sisi."

Nikamwona fundi hajui kazi yake. Tukaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa mtu mzima wa makamo, mteja wa maziwa ya shangazi, na kwa sababu hiyo alitukubalia jambo ambalo asingemkubalia mtu mwingine: tuchukue tatu, tukajaribu nyumbani kwenye mashine yetu, jioni turudishe mbili. Za kwanza zilikuwa nyekundu, hazina waya ila kidude cha kuchomeka kwenye mashine, za bei kubwa kuliko zote. Za pili nyeusi, nene, zinafunika sikio lote, na aliponiwekea kwaya ndani yake besi iligonga mpaka kwenye meno. Za tatu za kijivu, nyembamba, hazina mbwembwe, na kwaya ndani yake ilisikika kama kwaya iliyosimama mbali. Mimi moyo ulishanasa kwenye zile nene.

Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna matuta ya viazi, na udongo ulikuwa umelowa maji ya kumwagilia. Tukaokota vizibo na vipande vya waya mpaka mashine ikatulia. Nikavua hereni yangu moja ya dhahabu, ile ya ndoa, tukaifukia kina cha kidole, halafu vidole vinne, halafu shubiri nzima. Shangazi akaleta kigoda chake akakaa kututazama.

Zile nyekundu zilituangusha palepale. Sauti ilichelewa njiani. Sahani inapita juu ya hereni, kimya. Ukishasogea hatua nzima ndipo zinalia, unachimba pasipo na kitu. Tukaziweka pembeni.

Zile nene nikavaa mimi. Kina cha kidole nikasikia. Vidole vinne nikasikia, au nilidhani nimesikia. Shubiri nikasema, "Naam, hii hapa, safi kabisa." Nilikuwa nimeifukia mwenyewe. Nilijua ilipo. Mvumo ulikuwa mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Akavaa yeye. Akapita mara mbili, akainamisha kichwa upande.

"Hizi zina mdundo mzuri wa kanisani, dada. Ila udongo hauna mdundo. Kile kidogo zinakimeza."

Akavaa za kijivu. Akapita mara moja tu. "Hapo," akasema. "Inajikunja kidogo, halafu inarudi. Umeisikia wewe?"

"Nimeisikia."

Nilivaa zile za kijivu baada yake na sikusikia kitu. Nikasimama pale na mpini mkononi, jua kichwani, nikielewa na kukataa kuelewa. Halafu wivu ukanipa akili ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia ageuke, nifukie upya, tumjaribu kweli. Akageuka akatazama ukuta. Nikachimba shimo, nikalifukia, nikalipigapiga kwa kiganja. Hereni niliichomeka kwenye fundo la kilemba changu.

Nilitaka aseme anaisikia. Hilo tu. Aseme "hapo" juu ya shimo tupu, nami nimjue kuwa ni mbahatishaji, hata zile punje saba zilikuwa bahati, na mimi nirudi mahali pangu.

Alipita taratibu. Alirudia. Akasimama juu ya shimo lenyewe, akafumba macho.

"Dada, hapa nduhu."

"Sikiliza vizuri."

Akarudia tena. "Hakuna. Labda imedondoka ulipokuwa unafukia. Tuitafute, dada, isije ikapotea, hereni yako ya ndoa." Akapiga magoti kwenye tope akaanza kuchekecha udongo kwa vidole, ana wasiwasi kuliko mimi. Ilinibidi nijifanye nimeiokota kwenye tuta la pili. Nikaona aibu, ndiyo. Lakini haikutosha kunifunga mdomo.

"Sasa na mimi," nikasema. "Fukia wewe. Mimi nageuka."

Nikampa hereni. Akanitazama kidogo, akasema sawa. Nikatazama ukuta. Nilimsikia shangazi akikohoa. Nilisikia mbuzi wa jirani. Sikumsikia mdogo wangu akichimba, na hilo sikulitilia maanani kabisa.

"Tayari, dada."

Nikavaa zile za kijivu. Nikaanza mwanzo wa tuta, polepole, nikibana pumzi. Mvumo. Mvumo. Mvumo uleule, hauna hata kovu. Nilifika mwisho, nikarudi. Kijasho kikanitoka chini ya upinde. Ndipo nikafanya alichofanya mume wangu ile miezi yake minne: nikatumia macho badala ya masikio. Kulikuwa na sehemu tuliyovuruga mwanzoni, na sehemu moja udongo wake ulikuwa mbichi, umepigwa kiganja sasa hivi. Nikapeleka sahani pale. Nikasimama. Nikainua ngumi.

Mdogo wangu akatazama udongo, kisha ngumi yangu.

"Umeipata, dada," akasema.

Akaja haraka, kabla sijainama. Akazamisha mkono wa kulia kwenye udongo, akachimbua, akachekecha, tope likampanda hadi kwenye kifundo. Shangazi akapiga makofi. Kisha mdogo wangu akafungua mkono wa kushoto mbele yangu. Hereni ilikuwa imekaa katikati ya kiganja, inang'aa.

Ilikuwa safi. Haikuwa na chembe ya udongo, haikuwa na unyevu, wala kiganja chenyewe hakikuwa na alama. Niliitazama mpaka macho yakaniwasha.

Hakuifukia. Alinitegea mtego uleule niliomtegea, na hadi leo sijui kama alikuwa ameniona nikichomeka hereni kwenye kilemba au alikuwa na hamu yake mwenyewe ya kujua. Tofauti ni kwamba mimi nilitega ili nimwaibishe. Yeye alishanikamata, mbele ya shangazi, ngumi yangu ikiwa juu, akaniachia. Ningetegemea moyo wangu ulainike hapo. Haukulainika. Nilimwonea wivu zaidi, kwa sababu masikio amezaliwa nayo, sawa, lakini sasa hata wema alikuwa amenishinda, na kwa wema sikuwa na hedifoni wala fundi wa kusingizia.

Nikavaa hereni. Nikatoboa pembeni mara mbili kabla ya kupata tundu.

"Basi hizi za kijivu zinakufaa, dada," akasema, haniangalii usoni. "Tuchukue hizi."

Shangazi alikuwa anakusanya kigoda chake. Karasha ilinijia kichwani, ule mngurumo wa mchana kutwa, miaka sita, na jinsi nilivyokuwa nikifika nyumbani jioni watu wanaongea kama wako nyuma ya ukuta. Nilidhani masikio yalipona. Kumbe mtu unazoea tu ukuta.

"Chagua wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe ndiye utakayevaa."

Ilinitoka hivyo, kavu, bila uzuri wowote, kwa sauti ya kumfokea mtoto aliyemwaga maji. Akatazama zile tatu za dukani, kisha akanyoosha mkono kwenye zangu, za kitenge, ambazo nilikuwa nimezitundika kwenye mpini wa jembe.

"Kama ni mimi wa kuchagua, dada, naomba hizi. Hizi ndizo zilizonisikizisha mara ya kwanza. Nimezizoea, na fundi amesema nzima."

Nilizinyakua kwenye vidole vyake. Sikufikiri. Nilizinyakua kama mtu anayenyakua mtoto barabarani.

"Hizi hapana."

Mashine nilikuwa nimeshampa. Nafasi ya mbele nilikuwa nimeshampa. Mistari yangu ya kisigino alishajichukulia mwenyewe. Lakini ndege wale wa bluu niliwashona mimi kwa sindano yangu, na upinde ule umekaa kwa umbo la kichwa changu, siyo la kwake.

"Nduhu tabu, dada," akasema. Tukanunua za kijivu.

Tuliporudi, siku ya kwanza kuingia shambani ilikuwa kwa mzee yuleyule wa mkonge. Tulifika, nikaiunga mashine mwenyewe, nikachomeka hedifoni za kijivu, nikamkabidhi mpini. Nikachukua sururu. Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani kwake.

Zangu za kitenge nilizivaa shingoni, waya nimeukunja mfukoni. Bado nazivaa hivyo kila siku ya kazi. Wakiniuliza za nini, nasema zinanikinga jua shingoni.

Kufuata mtu ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Unatazama mgongo. Unatazama mkono, lini utapanda. Nilihesabu hatua tano nyuma yake na kila hatua ilinichoma, na nilimwombea, kabisa, nilimwomba Mungu amnyime. Saa nne hivi akasimama. Akafumba macho, akarudisha sahani nyuma, akaipitisha tena. Ngumi ikapanda.

Nikachimba. Shubiri, shubiri na nusu. Mimi nisingeisikia hata kwa hedifoni za malaika. Tukapitisha udongo konzi kwa konzi, na konzi ya sita ikawa nayo. Nikaibonyeza kwa vidole nikaihisi, ngumu na nzito kuliko ukubwa wake, imevikwa udongo mwekundu pande zote. Kwa muda mfupi nilikuwa mimi peke yangu niliyejua. Yeye alikuwa amesikia tu. Mimi nilikuwa nayo. Nikakunja kiganja nikakaa nayo hivyo, pumzi mbili, tatu.

Halafu nikainua ncha ya khanga nianze kuifuta, kama tulivyozoea. Nikaacha. Nikampa jinsi ilivyo.

Akaigeuza kiganjani, haielewi.

"Ina udongo, dada."

"Ndivyo zinavyotoka," nikasema. "Kikitoka chini, kinatoka na udongo wake."

Akainua macho akanitazama, muda mrefu kuliko tunavyotazamana. Macho yakahamia kwenye hereni sikioni mwangu, yakarudi usoni. Akaifunga punje kwenye pindo la khanga pamoja na udongo wake wote, akavuta hedifoni masikioni, akaendelea na mstari.

Nikaokota sururu, nikamfuata.